Limeriki za miji mikuu ya dunia: mizani ziwe ngapi, na kichekesho kikae wapi?

Mwalimu wa Ramani (Morogoro)

Ndugu zangu, habari za masiku. Ninafundisha shule ya msingi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta njia ya kuwafanya wanafunzi waikumbuke miji mikuu ya dunia bila kuikariri kama orodha ya majina yasiyo na sura. Hivi karibuni nimevutiwa na limeriki, yaani yale mashairi mafupi ya Kiingereza yenye mishororo mitano, ambayo Edward Lear aliyafanya yapendwe sana kwa kitabu chake cha mwaka 1846. Karibu kila ubeti wake humtaja mzee, bibi au kijana wa mji fulani, kisha humwacha afanye jambo la ajabu lisilomdhuru mtu. Nilipousoma mmoja wao darasani kwa kuutafsiri kwa maneno yangu, watoto walicheka, lakini niliona wazi kwamba walicheka kwa sababu ya kisa tu, kwa maana wimbo wenyewe ulikuwa umepotea njiani.

Kwa hiyo nimeamua kutunga zangu kwa Kiswahili, kila mji mkuu na ubeti wake, na kila ubeti uwe na jambo moja la kweli kuhusu mji huo. Nimeanza na Lima, mji mkuu wa Peru, kwa kuwa ni mji wa pwani ambao mvua yake ni haba mno. Jaribio langu ni hili:

Palikuwa na mzee mmoja aliyeishi Lima,
Aliyebeba mwavuli hali mvua hainyeshi daima;
Majirani wakamuuliza kwa nini,
Naye akawaambia, "Ninyi mnajua nini?
Nimeununua kwa bei ghali, hivyo nitaubeba daima."

Ninapousoma kwa sauti, ulimi unachoka kabla ya kufika mwisho, na kichekesho kinafika kikiwa kimepoa. Ninaomba msaada wa wajuzi wa ushairi katika mambo mawili. La kwanza, limeriki ya Kiswahili iwe na mizani, yaani silabi, ngapi katika mishororo mirefu na ngapi katika mifupi? La pili, kichekesho chenyewe kikae wapi, na kitokane na nini, ili mtoto acheke na wakati huohuo abaki na mji kichwani?

Mzee wa Vina (Tanga)

Mwalimu, swali lako limenifurahisha, kwa sababu linagusa mahali ambapo watunzi wengi hujikwaa. Wanachukua umbo la kigeni, wanahesabu mishororo mitano, wanalinganisha silabi za mwisho, kisha wanadhani kazi imekwisha. Mishororo mitano si mgeni kwetu, maana takhmisa ni ubeti wa mishororo mitano na imetungwa katika mwambao huu kwa karne nyingi. Kilicho kigeni katika limeriki ni mwendo wake. Takhmisa hutembea kwa hatua zinazolingana kutoka mshororo wa kwanza hadi wa mwisho, ilhali limeriki huanza kwa hatua ndefu mbili, hukimbia kwa hatua fupi mbili, kisha hurejea kwa hatua ndefu moja inayofunga mlango. Vina vyake hufuata mwendo huohuo: mshororo wa kwanza, wa pili na wa tano hushirikiana kina kimoja, na wa tatu na wa nne huwa na kina chao.

Sasa tuje kwenye mizani. Kiingereza hakihesabu mizani kama sisi, bali huhesabu mapigo, yaani silabi zinazotamkwa kwa nguvu. Mishororo mirefu ya limeriki ina mapigo matatu, na mifupi ina mawili, na kati ya pigo na pigo huwa kuna silabi mbili nyepesi. Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuliko wengi wanavyofikiri. Mkazo wetu, isipokuwa kwa maneno machache kama *lazima* na *barabara* yenye maana ya sawasawa, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo ukianza na neno la silabi nne, ukafuata na la silabi tatu, kisha jingine la silabi tatu, mkazo utaangukia silabi ya tatu, ya sita na ya tisa bila wewe kuutafuta. Chukua maneno haya: *Alikuwa mzee wa Lima*. Soma polepole ukigonga meza: a-li-KU-wa, m-ZE-e, wa-LI-ma. Mapigo ni matatu na mizani ni kumi. Mishororo mifupi vivyo hivyo: neno la silabi nne na jingine la silabi tatu, mapigo mawili, mizani saba. Kwa maoni yangu, basi, limeriki ya Kiswahili ni ya mizani kumi, kumi, saba, saba, kumi.

Maneno mafupi yanayosimama peke yake, kama *na*, *kwa*, *wa* na *ni*, hujiunga na neno linalofuata, na kwa pamoja huhesabiwa kama neno moja. Pia tumia inkisari, yaani kulifupisha neno, bila hofu. Mshairi anayesema *kanunua* badala ya *akanunua* hajavunja lugha, kwani washairi wetu wamefanya hivyo tangu zamani.

Nimeurejesha mzee wako wa Lima katika kipimo hicho:

Alikuwa mzee wa Lima,
Kanunua mwavuli kwa hima;
Akangoja mawingu,
Akaomba kwa Mungu,
Na mwavuli wabaki mzima.

Angalia nilichokiondoa. Majirani wamekwenda, mazungumzo yamekwenda, na bei ghali imekwenda, kwa kuwa limeriki haina nafasi ya watu watatu. Wewe ulimfanya mzee aeleze sababu ya kuubeba mwavuli, na maelezo ndiyo yaliyokipoza kichekesho. Mzee wa limeriki hajielezi. Anafanya jambo lake kwa moyo wote, na msomaji ndiye anayeliona. Vilevile ulirudia *daima* mara mbili na *nini* mara mbili. Lear mwenyewe alikuwa na desturi ya kulirudia jina la mji mwishoni mwa ubeti, na kwa Kiingereza cha wakati wake jambo hilo lilipendeza, lakini sikio lililolelewa na mashairi yetu husikia urudiaji wa neno zima mahali pa kina kuwa ni umaskini wa msamiati.

Kuhusu kina chenyewe, sheria yetu ya kawaida ni silabi moja ya mwisho, kwa hiyo *Lima* na *homa* vinakubalika katika tarbia, yaani shairi la mishororo minne. Katika limeriki ninakushauri udai zaidi, irabu iliyo kabla ya silabi hiyo nayo ilingane, kwa sababu irabu hiyo ndiyo inayobeba pigo la mwisho la mshororo. *Lima*, *hima*, *mzima*: pigo na kina vinafika pamoja, na hapo ndipo kicheko huanza, hata kabla maana haijaeleweka vizuri. Katika *mawingu* na *Mungu* nimelegeza sheria hiyo, na nadhani mishororo mifupi inavumilia.

Ndiyo maana mtunzi huchagua mji kwa kusikiliza mwisho wa jina lake kabla ya kutazama historia yake. Kigali ni zawadi kubwa, kwani utapata *mbali*, *ghali*, *asali*, *ajali*, *wali* na *swali* bila kutoka jasho. Kampala inakupa *mahala*, *makala* na *kulala*. Nairobi, mji ninaoupenda, ni mgumu sana kwa mtunzi, maana maneno yanayoishia kwa *-obi* hayafiki hata kiganja, hivyo ni afadhali jina lake uliweke katikati ya mshororo. Na Dodoma ina *ngoma*, *homa*, *kusoma*, *kuchoma* na *kukoma*, tena inapatana na Roma, jambo ambalo siku moja litampatia mtu ubeti mzuri wa msafiri aliyekosea ndege.

Nakuwekea wa Dodoma kwa ajili ya wanafunzi wako, ambao bila shaka wanajua kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973, na kwamba watumishi wengi wa wizara walihama kutoka Dar es Salaam kuanzia mwaka 2016:

Kahamia karani Dodoma,
Na madafu, mashuka, na ngoma;
Kauliza: "Bahari
Nifuate kwa gari?"
"Je, ramani, karani, wasoma?"

Kichekesho kimekaa katika mshororo wa tano, na kimetokana na jambo la kweli ambalo kila mtu analijua, kwamba Dodoma iko mbali na bahari. Sikuwacheka wenyeji wa Dodoma, wala ukame wao, wala shida yoyote ya maisha. Nimemcheka karani wa kubuni aliyehama na pwani yake moyoni. Hilo ninakuomba ulishike, Mwalimu, hasa unapotungia watoto, kwa sababu ni rahisi mno kuufanya mji wa watu kuwa dhihaka, na mtoto akishajifunza kwamba mji fulani ni wa kuchekwa, hutamsahaulisha.

Mkaazi wa Maskati

Mzee wa Vina, shikamoo. Nimesoma maelezo yako ya mkazo mara tatu na nimeyajaribu kwa kugonga meza hadi jirani akabisha hodi. Nakubaliana nawe kuhusu kipimo. Lakini kwa kuwa Mwalimu ametaka kila ubeti uwe na jambo la kweli, naomba kurekebisha mshororo mmoja.

Umesema mzee wa Lima *akangoja mawingu*. Ukweli ni kwamba Lima haikosi mawingu hata kidogo. Maji baridi ya mkondo wa Humboldt hupita mbele ya pwani ya Peru na kuipoza hewa iliyo karibu na bahari, na matokeo yake ni utando wa mawingu mazito ya chini unaoufunika mji kwa miezi mingi ya mwaka, hasa katika majira yao ya baridi. Ila mawingu hayo hayana nguvu ya kupanda juu na kuwa mvua ya kweli. Yakitoa kitu, hutoa manyunyu yanayolowesha nyusi tu. Kwa hiyo msiba wa mzee yule si kutoona wingu. Msiba wake ni kuamka kila asubuhi akakuta mbingu imejaa, akaushika mwavuli wake, na jioni akarudi nao mkavu. Mshororo unaofaa, kwa mizani zilezile saba, ni huu:

Yakatanda mawingu,
Akaomba kwa Mungu,
Na mwavuli wabaki mzima.

Naona hata kichekesho kimeongezeka, kwa kuwa sasa mzee ana sababu ya kutumaini. Kwangu mimi hili ndilo jibu la swali la pili la Mwalimu. Ukweli wa mji ukiujua kwa undani, mara nyingi wenyewe una kichekesho kilichokwisha tengenezwa, na mtunzi hana la kufanya ila kukipimia mizani. Tulipoujua ukweli wa Lima nusunusu, tulipata ubeti mzuri. Tulipoujua wote, ukawa mzuri zaidi.

Jambo jingine ambalo mwalimu wa ramani atalijali: hakikisha kwamba mji unaoutungia ni mji mkuu kweli. Bado wapo wanaoandika Bujumbura ilhali Burundi imeifanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, na Bujumbura ikabaki kitovu cha biashara. Bolivia, serikali inakaa La Paz, lakini katiba inautaja Sucre. Afrika Kusini inayo mitatu, Pretoria, Cape Town na Bloemfontein, na mtoto akikuuliza upi ni wa kweli itakubidi uanze somo jipya. Cote d'Ivoire mji mkuu wake tangu mwaka 1983 ni Yamoussoukro, ingawa wengi humtaja Abidjan kwa mazoea. Usiyakimbie mambo haya, kwani katika mkanganyiko kama huo limeriki hupata chakula chake.

Mfano ninaoupenda ni mji mkuu wa Kazakhstan. Serikali ilihamia huko kutoka Almaty mwaka 1997, mji ukiitwa Akmola. Mwaka uliofuata ukaitwa Astana. Mwaka 2019 ukaitwa Nur-Sultan, kwa heshima ya rais aliyekuwa amejiuzulu, na mwaka 2022 ukarudi kuwa Astana. Kabla ya yote hayo, katika enzi ya Sovieti, uliwahi kuitwa Tselinograd. Nilipoufikiria mji huo sikumfikiria rais wala bunge. Nilimfikiria mtu wa posta.

Kaandika barua kijana
Kwa mchumba mjini Astana;
Kwenye posta, tarishi
Akasema: "Sibishi,
Ila jina si lile la jana."

Binti Lamu

Nawasalimu nyote. Ubeti wa tarishi ni mzuri sana, na kwa sababu ni mzuri ningependa tuukague kwa uaminifu. Kwa hesabu ya mizani niliyofundishwa na babu yangu, konsonanti isiyofuatwa na irabu husimama yenyewe na huhesabiwa. *Daktari* ni da-k-ta-ri, mizani nne. *Labda* ni la-b-da, mizani tatu. Kwa hesabu hiyo, *posta* ni po-s-ta na *Astana* ni A-s-ta-na, kwa hiyo mshororo wa pili una mizani kumi na moja na wa tatu una nane. Mzee wa Vina ametupa kipimo cha kumi kwa mishororo mirefu na saba kwa mifupi, nasi hatuna haki ya kukilegeza siku hiyohiyo tulipokipokea.

Hata hivyo, nimeusoma kwa sauti na sikio langu halikujikwaa. Ile *s* inapita kwa haraka na haiongezi pigo. Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba katika limeriki mapigo yawe ndiyo sheria, na mizani iwe ndiyo njia ya kuyapata. Majina ya miji ya ng'ambo yamejaa konsonanti zilizosimama pekee, na tukiyahesabu kwa ukali wa tarbia tutaifungia nje nusu ya dunia.

Hapo ndipo ninapotaka kuongeza la kwangu, juu ya miji ambayo majina yake hayaishii kwa irabu: London, Paris, Wellington, Washington, Reykjavik. Kina cha Kiswahili ni silabi yenye irabu, kwa hiyo majina haya hayawezi kukaa mwisho wa mshororo yakiwa kama yalivyo. Wapo watakaoongeza irabu na kusema *Parisi* na *Londoni*, na mshairi anayo ruhusa hiyo, lakini mwanafunzi atakayelitafuta jina hilo kwenye ramani hataliona. Mimi ninaona ni bora kuliweka jina mwanzoni mwa mshororo na kukiachia kina neno letu wenyewe. Ajabu ni kwamba baadhi ya majina hayo huingia katika mapigo ya Mzee wa Vina kana kwamba yalitungiwa. *Huko Wellington*, kwa mfano, lina mkazo kwenye silabi ya tatu na linaacha silabi mbili nyepesi baada yake, hivyo pigo linalofuata linaangukia pale pale linapotakiwa.

Wellington, mji mkuu wa New Zealand, umekaa kando ya mlangobahari wa Cook unaovitenganisha visiwa viwili vikubwa vya nchi hiyo, na upepo wa baharini ukibanwa hapo hupita kwa nguvu nyingi. Sisi tuliokulia karibu na kusi na kaskazi tunaujua upepo, lakini upepo wetu una miezi yake na adabu zake. Wa huko nimeutungia hivi:

Huko Wellington bwana mmoja
Kituoni kofia kangoja:
Ilipaa ya jana,
Na ya leo mchana;
"Zitarudi," asema, "pamoja!"

Nimefuata ushauri kwamba mtu wa limeriki asijieleze. Bwana huyu hajui kwamba anachekesha. Yeye anaamini kwamba kofia zake ziko safarini na zitashuka kituoni kama abiria wengine, na mimi nilipokuwa nikimtunga nilianza kumwamini.

Mwalimu wa Ramani (Morogoro)

Mzee wangu, shikamoo, nanyi ndugu zangu wawili, asanteni sana. Nimeyapeleka yote darasani. Nilianza na mzee wa Lima katika umbo alilolirekebisha ndugu wa Maskati, nikawaacha wanafunzi wagonge madawati katika silabi za mkazo, na kabla sijafika mshororo wa tano wavulana wawili wa nyuma walikuwa wameshaubahatisha. Kisha nikawauliza kwa nini mwavuli ulibaki mzima, na hapo ikabidi nieleze juu ya mkondo wa Humboldt, somo ambalo mwaka jana lilinichukua vipindi viwili na halikukaa kwa mtu. Safari hii waliuliza wenyewe kama pwani yetu nayo ina maji baridi, na kama haina, mkondo wetu ni upi.

Ubeti wa karani wa Dodoma ulileta mjadala ambao sikuutazamia. Msichana mmoja, ambaye wazazi wake wanatokea huko, alisema kwamba karani angeletewa zabibu asingeukumbuka tena mnazi, na kwamba ubeti ungekuwa wa haki zaidi kama ungezitaja. Nilimwambia atunge wa kwake na nimempa wiki moja. Naona amekwisha kuanza kuhesabu kwa vidole wakati wa mapumziko.

Kuhusu hoja ya Binti Lamu, nimeamua kufuata pendekezo lake, mapigo yawe sheria na mizani njia, ila wanafunzi nitawafundisha kwanza mizani kumi za mishororo mirefu na saba za mifupi kwa ukamilifu, kwa maana mtu huruhusiwa kulegeza kamba aliyokwisha kuifunga.

Sasa nimejaribu wa kwangu kwa kipimo hiki. Nimechagua Moroni, mji mkuu wa Komoro, kwa sababu tatu. Lugha ya huko ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, kwa hiyo jina linakaa vizuri mdomoni. Kina chake ni chepesi kuliko vyote nilivyowahi kuviona, kwani kiambishi chetu cha mahali kinatupa *sokoni*, *jikoni*, *mtoni*, *moyoni*, *machoni* na vingine visivyokwisha. Na juu ya kisiwa cha Ngazija, ambako mji huo upo, unasimama mlima Karthala, volkano iliyo hai hadi leo. Nilijiuliza, mpishi mwenye mlima wa moto nyuma ya nyumba yake angehitaji makaa ya nini?

Alifika mpishi Moroni,
Kakataa makaa jikoni;
Na samaki kapanda
Penye moshi kutanda,
Akasema: "Nimefika motoni."

Mishororo minne ya kwanza ninaipenda, na nimeihesabu mara nyingi. Wa mwisho unanisumbua. Una mizani kumi na moja, na hata nikiufuata kwa mapigo, unayumba katikati, kwa sababu kati ya *sema* na *fika* zimeingia silabi tatu nyepesi badala ya mbili. Zaidi ya hapo, mpishi wangu anatoa taarifa tu, hasemi jambo la kuchekesha. Nimejaribu *nafika motoni*, mizani zikakaa, lakini kicheko hakikuja. Nifanyeje?

Mzee wa Vina (Tanga)

Marahaba, Mwalimu. Mizani umejirekebishia mwenyewe, na kasoro iliyobaki umeitaja mwenyewe pia: mpishi anatoa taarifa. Jiulize mtu mstaarabu wa visiwani, mwenye samaki mkononi, akifika mlangoni pa mwenyeji asiyemzoea, hufanya nini kwanza kabla ya kueleza shida yake. Huyu mwenyeji ni mlima na mlango wake unatoa moshi, lakini adabu ni ileile.

Na samaki kapanda
Penye moshi kutanda,
Akaita: "Hodini, motoni!"